Solange Bamemuweka ku Banc

Juma tatu, tarehe 6 mwezi wa tano

Marthe, we ni muke mubaya, na uzee haukukufundisha kitu. Ulijua. Ulijua tangu mwanzo na ulinyamaza, ukaniacha nisimame mbele ya kanisa nzima na mukungu wangu wa ndizi ya shukrani ku kichwa. Ukapiga hata makofi.

Naandika hii ili siku nikikufa bantu bajue nani aliniharibia jina hapa ku mutaa yetu ya Mushimbakye. Naandika sawa vile nasema. Asiyependa asisome.

Jambo ni hili. Mujukuu wangu Solange, mwenye nimemulea mi peke yangu tangu mama yake alipokufa, anasoma ku chuo hapa Baraka, anasomea kazi ya hospitali. Huko anacheza basketi, ku ekipe ya mabinti. Mwezi uliopita alirudi nyumbani, akaweka mufuko chini, akasema: Koko, bameniweka ku banc.

Nilimushukuru Mungu. Ku kanisa yetu banc yenye mugongo iko moja tu, mbele, karibu na pasta. Wengine bote banakaa ku matofali na ku mikeka. Kufika ku ile banc nilifagia kanisa mupaka mifagio ikakwisha. Nilipika ku harusi za batoto ba bantu benye hata hawanisalimii. Na mutoto mudogo sawa Solange bamemupa banc, wenzake banakimbia-kimbia ku jua sawa mbuzi! Nilisema hii ni damu ya mama yake. Nilisema ku soko, nilisema ku bomba ya maji, nilisema kwa pasta. Kisha nikapeleka ndizi.

Leo Marthe aliniita ku soko, mbele ya bamama benye banauza samaki ya mikeke. Akaniuliza, na sauti tamu, kama ninajua banc ya basketi ni nini. Ni mahali ya kukalisha mwenye hachezi, akasema. Mwenye anangojea mwingine achoke. Akaongeza kwamba mujukuu wake Gentille hajui ile banc hata rangi yake. Gentille ni kapiteni.

Bamama balicheka mupaka mumoja akaangusha samaki mu vumbi.

Nilienda kwa pasta kuuliza kama ndizi inaweza kurudi. Alisema ilikwisha kuliwa.

Juma tano, tarehe 8

Nilimuendea Constance. Ni ye kochi yao. Namujua tangu anaoga ku ziwa na batoto ba bavuvi. Baba yake alikuwa anashona nyavu. Sasa anafundisha hesabu ku chuo, na mambo ya basketi ya mabinti ye ndiye aliyaanzisha, na chuma moja ya duara yenye fundi wa milango alimutengenezea. Mwanzo mabinti balikuja na kitenge na sandale, bazazi banakuja nyuma yao na fimbo. Constance aliingia nyumba kwa nyumba. Alikaa chini, alikula chakula ya kila mama, akaomba mutoto sawa vile bantu banaomba bibi. Leo ile ekipe imeshinda Fizi, imeshinda Uvira, na siku ya mechi banaume banapanda ku ukuta juu mahali ya kukaa inakosa. Hii yote sikatai.

Lakini kumuweka mutoto wangu ku banc.

Nilimukuta ku tereni anaondosha muchanga na ufagio. Nilimuuliza Solange iko na kosa gani. Hakukasirika. Constance hakasirikagi, ndiyo kitu yenye inanichosha kwake. Alisema Solange iko na moyo na mikono mizuri, lakini mahali yake ni pale chini ya chuma, na pale iko Umwali. Akanionyesha. Binti mumoja alikuwa anarusha mupira peke yake. Nilifikiri amesimama juu ya kitu. Hakusimama juu ya kitu.

Umwali ni Munyamulenge, wa kabila ya bafuga ng'ombe. Alishuka kutoka kule juu ku milima mwaka huu kuja kusoma.

Hapo Constance akashusha sauti. Ile familia yenye ilikuwa inamulaza Umwali imehama Baraka, iliona woga. Mutoto hana nyumba. Siku ya Mungu ikifika bila nyumba, atapanda kurudi kwao, na masomo itakufa pale. Na bila ye, hawatashinda ekipe ya Kazimia ku tarehe 25. Na Direkta wa chuo amekwisha kusema: bakishindwa, ataweka depo ya saruji ku ile tereni. Kazi yote ya Constance imekaa ku mabega ya ule mutoto mumoja.

Nilimuambia pole sana. Nilirudi nyumbani polepole, kichwa imejaa akili. Umwali akipanda kwao, nani anabaki chini ya chuma? Solange. Direkta anatisha tu, banaume banapenda kutisha. Mi sina kazi ya kufanya. Kungoja peke yake.

Ijumaa, tarehe 10

Kungoja ni kazi ya bavivu. Nilitoka asubuhi.

Nilipita ku kila nyumba ya njia yetu yenye iko na chumba. Nilisema, na uchungu mingi ku uso, kwamba kuna mutoto murefu anatafuta kulala. Maskini, anakula sawa bantu banne. Anakoroma. Amekwisha kuvunja mulango ya bantu na kichwa. Bote balisema chumba zao zimejaa.

Juu ya kabila yake sikusema hata neno moja. Hapa kwetu neno kama ile ukiitoa ku kinywa, huwezi kuikamata tena. Dada yangu mukubwa balimuua Makobola mwaka wa tisini na nane, ye na nyumba yake yote, na mupaka leo kuna benye banatupia lawama kabila yote ya kule juu. Nimeona yenye bantu banafanya na maneno. Mi nataka Umwali aondoke juu ya banc. Juu ya banc, basi.

Mambo ilikuwa inaenda muzuri mupaka ku mazoezi ya kwaya. Marthe akasimama. Akasema Mungu ameongea naye, atamulaza ule mutoto Umwali ku nyumba yake. Bamama bakasema haleluya. Pasta akasema siku ya Mungu atamuita Marthe mbele, kanisa imuombee juu ya roho yake muzuri.

Marthe mbele! Mi nakaa namuangalia!

Kinywa yangu ilifunguka mbele akili haijafika. Nilisema Umwali analala kwangu, tulikwisha kupanga. Solange iko soprano. Alisahau kufunga kinywa yake mupaka wimbo ukaisha.

Siku ya Mungu, tarehe 12

Alifika na mufuko moja na mupira. Aliinama ku mulango. Alinisalimia na mikono mbili. Pasta alinisimamisha mbele, bakaniombea, Marthe akiangalia paa. Hii ilikuwa tamu.

Sasa niko na adui mu nyumba, na ni muzuri zaidi hivi. Nimepata akili: nitamulisha. Nitamulisha mupaka siku ya tarehe 25 miguu ikatae kutoka chini. Nilipika bukari ya unga kubwa sawa kilima, sombe ya majani ya mihogo, na mikeke mu mafuta nyekundu ya ngazi, mikubwa, yenye nilipigania ku soko.

Umwali alikula bukari. Alikula sombe. Samaki hakugusa. Nilimuuliza kama ameona ndani yake mududu. Solange akaninongoneza kwamba kwao hawakuzoea samaki, hata harufu inamushinda.

Samaki ya Baraka. Bantu banavuka ziwa juu ya hii samaki.

Nilikasirika mupaka nikakula yangu na yake.

Juma tano, tarehe 15

Kila siku napika samaki, kila siku mi ndiye naimaliza. Kitenge ya kanisa imekataa kufunga.

Nilimuuliza Umwali kwao banakula nini. Alisema maziwa. Aliisema sawa muntu anataja jina ya ndugu. Nikafikiri: maziwa inalaza mutoto mudogo, basi mutoto murefu itamulaza zaidi. Nilipanda mupaka ku barabara ya Fizi kumutafuta mama Mukarurangwa, mwenye anashukaga na bidon ya maziwa. Jua ilinipiga ku njia yote.

Nilimutilia Umwali kikombe kikubwa. Hakukunywa mara moja. Alishika kile kikombe na mikono mbili, ananusa, kisha machozi ikatoka, bila sauti. Solange aliangalia inje. Mi niliangalia sufuria. Nilimuambia kunywa, inapoa. Ilikuwa baridi tangu mwanzo, lakini muntu aseme nini.

Hakulala. Aliosha vyombo vyote, akafagia kiwanja, akaenda ku mazoezi. Mangaribi Constance akatuma neno kwamba Umwali hajaruka hivi tangu alipofika Baraka, na anauliza Koko amemupa nini.

Ijumaa, tarehe 17

Nimebadilisha njia. Nilimupeleka ku shamba yangu ya mihogo kule Mongemonge. Jembe inachokesha mikono. Mikono yenye imechoka haifikishi mupira ku chuma. Nilimupa jembe yenye muti wake iko mufupi. Aliikunjamia sawa muntu anatafuta sindano.

Hakupumuzika. Mi ndiye nilipumuzika. Tulikaa pembeni ya shamba, nikamuuliza maneno ya kupitisha wakati: mama yake anasema nini juu ya hii basketi. Alisema mama yake hajui basketi ni nini. Kila siku ya soko anauliza bale benye banashuka neno moja tu, kama mutoto wake bado anasoma. Ng'ombe zao zilichukuliwa. Kakake Ntwari aliacha masomo ili yeye ashuke. Alisema ile yote bila kulia, anachora mu udongo na kidole. Kisha akaniangalia.

“Koko, nikipanda kule sasa, sitashuka tena.”

Nilimuambia ashike jembe, maneno hailimi. Lakini kivuli nilimuachia upande wangu. Jua ilikuwa imegeuka, ndiyo sababu.

Siku ya posho, tarehe 18

Yenye nilikuwa natafuta imenijia mu mikono, na niko na kisirani.

Kuna banaume ku soko balianza kusema kwamba ule binti wa kule juu hafai kuvaa shati ya Baraka. Balisema jana, leo balisema na sauti. Direkta akamuita Constance. Alisema juu ya amani ya mji, tarehe 25 Umwali abaki nyumbani. Solange aingie mahali yake.

Solange aingie! Na mi hata sikuinua kidole.

Constance alimujibu kwamba ekipe yake ni moja, haikatwi. Umwali asipocheza, hakuna mwenye atacheza, na ile depo ya saruji bajenge hata kesho. Kisha akakusanya mipira yote, akaenda nayo kwake. Solange ndiye alinielezea, amekaa ku kizingiti. Nilingoja nione furaha ku uso yake. Sikuona. Alisema: Koko, kama ni hivi, mi sitaki.

Mutoto mujinga. Nilimulea vibaya.

Kisha Marthe akaingia bila kubisha. Alikuja kunipa pongezi, sasa mutoto wangu ataonekana. Alikaa ku kiti yangu. Akasema tena, polepole, kwamba hata dada yangu kule alipo sasa atapumuzika.

Umwali alikuwa nyuma ya pazia, anakunja nguo. Nilisikia mikono yake imesimama.

“Marthe,” nilimuambia, “dada yangu si fimbo. Usimukamate kumupiga nayo mutoto mwenye siku ile hakukuwa hata amezaliwa.”

Marthe alisimama. Alitafuta kiatu yake muda mingi. Alienda bila kusema kwa heri.

Mi nilienda kukata mboga ya lenga-lenga. Nilikata mingi, yenye hatuwezi kumaliza hata na bageni.

Nimefikiri hivi. Kama Umwali ataondoka mu ile ekipe, ni mi nitamuondosha. Ni mi nimefanya kazi. Ni mi nimekula samaki ya bantu wawili, nimepanda njia ya Fizi ku jua. Hawa banaume ba soko balifanya nini? Balikaa tu, bakafungua kinywa. Hawawezi kuja kuvuna shamba yangu.

Siku ya Mungu, tarehe 19

Nilimuvalisha Umwali kitenge yangu ya Pasaka. Kwake ilifika chini kidogo ya magoti. Tulienda.

Kwetu iko hivi: muntu mwenye amekalishwa ku banc ya mbele, ni kanisa imemukalisha. Hatoki pale mupaka muntu mwingine asimame, mbele ya Mungu na pasta, aseme kosa yake ni nini. Ndiyo maana hatukalishi ovyo.

Nilimushika mukono. Tulipita matofali, tulipita mikeka, tukafika mbele. Nilimusukuma mama mwenye anakaaga kando yangu, akasogea. Nikamuambia Umwali: kaa.

Alikaa. Ku banc alikuwa bado murefu kuliko mi nimesimama. Nilibaki nimesimama, nimegeukia bantu. Nilimuangalia kila mumoja wa bale benye balisema ku soko, juu bawili ni ba kanisa yetu, na hata mababa zao najua balikuwa banaiba nini. Nilingoja asimame mwenye iko na neno.

Hakuna mwenye alisimama. Pasta akafungua Biblia.

Nyuma ya ibada nilimungojea Direkta ku mulango. Ye anakaaga nyuma ili kikapo ya matoleo isimufikie. Nilimuambia huyu ni mutoto wa nyumba yangu. Mwenye anataka kumutoa ku tereni aje kwanza anitoe mi ku banc. Aliangalia viatu. Alisema, Mama, ni mambo ya usalama. Nilimuambia usalama ni ye: siku ya mechi aje na bibi yake na batoto yake, bakae mbele kabisa, bantu babaone. Pasta, mwenye hakuna aliyemuita, akasema na ye atakuja.

Marthe alipita kando yetu. Hakunisalimia. Lakini alimupa Umwali kitabu yake ya nyimbo ili apeleke nyumbani. Wivu unafanya bantu mambo ya ajabu.

Juma nne, tarehe 21

Direkta amekubali. Mipira imerudi ku tereni.

Constance alikuja kunishukuru. Nilimuambia shukrani yake aiweke mufukoni, amutoe Solange ku banc. Alicheka, sijui juu ya nini. Alisema anatafuta tangu mwanzo nyumba yenye muchezaji analala muzuri na anakula muzuri, juu mazoezi peke yake haitoshi. Nilimujibu kwamba hii ni nyumba yangu mi Wabiwa, si nyumba ya ekipe, asinizoee. Akasema ndiyo, Koko. Kisha akauliza kama siku moja mbele ya mechi mabinti bote banaweza kuja kula hapa.

Nilikataa kabisa. Hata punje moja.

Ijumaa, tarehe 24

Balikuja. Balimaliza unga. Gentille alikula mara mbili, na nilimuambia kwa koko yake banakufa njaa.

Siku ya posho, tarehe 25

Mechi.

Asubuhi nilifanya kazi yangu ya mwisho. Nilimupikia Umwali viazi vitamu, sahani imejaa mupaka inamwagika, na maziwa juu. Bila hasira. Ni kazi tu, nilikwisha kuianza. Umwali, sababu ya heshima, hakuweza kukataa. Akagawana na Solange. Hawa batoto banagawana kila kitu, hata kitana. Ya Umwali ilishuka sawa maji ku muchanga. Ya Solange ilisimama ku njia. Alienda ku choo, akarudi, akaenda tena.

Tereni ilijaa. Direkta alikaa mbele na familia yake, anajifuta jasho. Pasta kando yake. Bale banaume ba soko balikuwa juu ya ukuta, mikono imekunjwa. Mabinti ba Kazimia balifika jana na bateau. Mabega yao iko sawa ya bantu benye banapiga kasia tangu utoto.

Umwali aliingia, na ku ukuta hakuna mwenye alipiga makofi. Aliruka, akachukua mupira juu ya vichwa vya bote, akaipitisha. Akaruka tena. Nyuma ya muda bantu balisahau kukunja mikono. Mi nilijizuia. Nilikalia mikono yangu yote mbili.

Karibu na mwisho, tumefungana sawasawa, arbitre akapiga filimbi, akamuonyesha Umwali inje. Makosa yake imejaa, hawezi kurudi tena. Ndiyo kitu yenye niliomba tangu tarehe nane. Ndiyo kitu yenye niliipikia.

Sijui nilifika namna gani katikati ya tereni.

Nilikuwa pale, na mwavuli, namuuliza ule arbitre kama macho yake mama yake alimupa ya kuangalia ao ya kupamba uso. Nilimuambia huyu mutoto hakumugusa muntu, ni ule wa Kazimia alikuja kujigongesha. Nilimuuliza pia jina ya baba yake. Akapiga filimbi juu yangu. Mi! Kumbe ku basketi, koko wa muntu akiingia, ekipe inalipa: bakawapa Kazimia mipira ya bure ya kurusha. Bakaiingiza yote.

Constance alinishika ku kiwiko. Hakukasirika hata pale. Alinipeleka nyuma ya kamba, kando ya mama wa maandazi, akamuambia amuchunge huyu.

Kisha akamuita Solange.

Aliinuka, mukono moja ku tumbo. Nilitaka kufunga macho, nikashindwa. Hakuingiza mupira hata moja. Moja ilimupiga ku bega ikaenda inje. Gentille akarudisha ile yenye mi nilipoteza, tukakuwa sawa tena. Halafu ule mukubwa wa Kazimia alikuja mbio kuelekea chuma, na mbele yake hakukuwa na muntu isipokuwa Solange. Solange hakuruka. Alisimama tu, mikono juu, sawa vile Umwali anamufundishaga ku kiwanja yangu, mi nikibapigia kelele baache kuvunja mihogo yenye nimeanika. Ule mukubwa alimugonga ku kifua. Solange akaanguka na mugongo. Mupira ikatoka. Gentille akaikamata, akakimbia, akaiingiza. Filimbi. Imekwisha. Tumeshinda.

Mushimbakye yote iliimba Gentille. Marthe alikuja kucheza mbele ya uso yangu, anatikisa mabega, na magoti yake ile haifai.

Solange alikuwa bado chini. Umwali aliruka kamba, akamuinua sawa muntu anainua nguo ya kuanika, akamubeba. Na kule ku ukuta muntu moja akapiga kelele ya jina: Umwali. Mwingine akafuata. Nilitafuta ni nani. Ni bale bale.

Vumbi iliingia mu macho yangu, na mama wa maandazi anashahidia.

Juma tatu, tarehe 27

Ku soko nimeelezea bantu namna Solange alishinda mechi na kifua yake. Marthe akasema mechi bantu banaishinda na mupira. Hatutaongea mupaka siku ya Mungu.

Umwali anabaki. Mama Mukarurangwa alipanda na habari, akashuka na jibu ya mama yake: ameuliza kama ule Koko wa Baraka iko na meno, amutumie nyama kavu. Niko na meno. Direkta anatembea anasema ekipe ni ya kwake tangu mwanzo. Habari ya depo hakuna mwenye anaitaja. Mababa benye balikuwa banakuja na fimbo, leo balikuja kwa Constance na mabinti bao, bamesimama mustari.

Mi nilikuwa na amani. Nilihesabu: Umwali na Solange, chini ya chuma, mumoja akichoka mwingine anaingia. Ilikuwa inatosha.

Mangaribi Constance akaingia. Alikula. Alisifu sombe. Kisha akasema ku Lulimba ameona binti mumoja, Tania, mutoto wa bachimba zahabu. Murefu kumupita Umwali. Anacheza wapi? Chini ya chuma. Anataka kuja kusoma hapa, lakini hana mahali ya kulala. Constance alisema ile anaangalia mulango ya chumba yangu ya nyuma. Akaongeza kwamba hataki kunisumbua, Marthe amekwisha kusema atamupokea.

Solange atakuwa wa tatu. Wa tatu!

Nilimuambia Constance asimame pale pale. Ule Tania atalala kwangu. Akasema, Koko, una hakika? Akachukua mufuko yake haraka, akaenda. Ku njia nilisikia anacheka peke yake. Hesabu zimemuharibu kichwa.

Sasa nimejifunza. Kosa yangu ilikuwa chakula. Chakula inatia muntu nguvu, nani hakujua? Ule wa Lulimba sitamulisha sana. Nitamuingiza mu kwaya. Mazoezi ya kwaya na mazoezi ya basketi ni saa ile ile. Akipenda kuimba, ataacha kuruka, na Solange wangu anasogea mbele. Hii haiwezi kushindwa.

Solange, toa mihogo yote mu chumba ya nyuma, mbele mvua haijanyesha. Umwali, enda kwa fundi wa vitanda, ulale chini akupime, kisha umuambie aongeze urefu wa mukono mumoja. Iwe tayari siku ya posho. Na musipitie kwa Marthe.